Makofi hayathibitishi muhtasari

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ajenda ambayo kwenye mikutano ya vijiji vyetu haimalizi hata dakika tano: kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita.

Mkutano mkuu wa kijiji, ambao mjumbe wake ni kila mkazi aliyefikisha miaka 18, hutakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Kwa mtu anayelima, katikati hapo kuna palizi na mavuno. Nani anakumbuka neno kwa neno? Mtendaji husoma mbio mbio kutoka kwenye kaunta buku, jua liko utosini, waliokaa nyuma hawasikii. Mwenyekiti anauliza, "Tunauthibitisha?" Makofi. Wanasaini, tunaingia kwenye yatokanayo, yaani kujadili yaliyotokana na mkutano uliopita.

Katika mkutano wetu wa mwisho nilisikia ikisomwa kwamba tuliridhia kukodisha eneo la malisho kwa miaka mitano. Tulichokubaliana ni msimu mmoja. Nikanyoosha mkono. Nikajibiwa, "Mzee wangu, hilo tulishalimaliza, usiturudishe nyuma."

Sikuwa namrudisha mtu nyuma. Kuthibitisha muhtasari ni kukiri kwamba kilichoandikwa ndicho kilichoamuliwa, basi. Hata aliyeupinga uamuzi anaweza kuuthibitisha muhtasari, maana anashuhudia tu kwamba uamuzi ule ulifanyika. Siku hiyohiyo jirani yangu alitaka mchango wa darasa ufutwe kwenye muhtasari kwa kuwa yeye hakuutaka. Huyo ndiye aliyepaswa kuambiwa asubiri yatokanayo, au aombe ajenda mpya. Ajabu ni kwamba yeye alisikilizwa kwa dakika ishirini! Na aliyetoa hoja kwamba muhtasari uthibitishwe hakuwapo kwenye kikao kilichoandikiwa muhtasari huo; siku ile alikuwa msibani, tunajua wote.

Wapo watakaosema nakuza jambo dogo la karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Kuridhia huko kunaonekana wapi, kama si kwenye muhtasari? Bungeni kuna Hansard, kila neno linarekodiwa. Sisi tunayo kaunta buku moja, na mgogoro ukifika baraza la ardhi, hiyo ndiyo itakayofunguliwa, si vichwa vyetu.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni orodha ya mahudhurio. Tunasaini tukifika, kabla hata ya kujua ajenda, kwenye karatasi isiyo na tarehe wala kichwa cha habari. Karatasi hiyo ikibanwa nyuma ya muhtasari wowote, sahihi ya kuhudhuria inageuka sahihi ya kukubali. Kila ukurasa wa mahudhurio uandikwe juu tarehe na mkutano unaohusika, na mistari iliyobaki wazi ipigwe mstari kabla watu hawajatawanyika.

Mengine hayahitaji bajeti. Rasimu ya muhtasari ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wiki moja kabla ya mkutano, tuisome kwa nafasi. Maazimio yasomwe moja moja, na mwenyekiti aulize kila mara kama kuna marekebisho. Kosa likionekana, neno likatwe kwa mstari mmoja, la zamani libaki likisomeka, sahihi fupi ziwekwe pembeni. Wino mweupe usiguse kitabu hicho. Na anayetoa hoja ya kuthibitisha awe alikuwapo.

Maafisa wa halmashauri ya wilaya wanapokuja kukagua mapato na matumizi, waombe na kaunta buku ya mihtasari. Ya kwetu wataikuta ingali na ile "miaka mitano", imesainiwa.

Mwanakijiji,
Mkoa wa Morogoro