Kishonanguo

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu: mara ya kwanza mkasi ukiwa mkononi, mara ya pili nimeuweka chini, na mara ya tatu usiku huu baada ya kufunga kazi. Unasema huu ni mwaka wa nne unachora ramani za majengo. Zamani ulikuwa ukiamka na picha kichwani, ukawahi ofisini kabla hazijafutika. Siku hizi unafika, unawasha kompyuta, unakaa. Mistari inatoka kwa sababu mkono umezoea. "Sina mudi, mama, na sijui niliipotezea wapi."

Sikutaka kukujibu kwa simu. Jambo hili nimelifikiria miaka mingi juu ya meza ya kukatia nguo, na wewe ni mtu wa kwanza kuniuliza.

Wewe unaita mudi. Fundi aliyenifundisha kazi aliita ari. Washairi husema ilhamu, na neno hilo ni zuri, lakini limetupotosha wengi, maana tunalisikia kama kitu kinachoteremshwa, halafu tunaona kazi yetu ni kuketi na kungoja. Nami nimewahi kungoja. Ulikuwa na miaka sita, mwaka ule baada ya baba yako kufariki. Nilifungua mlango kila asubuhi, nikakaa nyuma ya cherehani, nikashona kilicholetwa: zipu, pindo, viraka. Mteja akija na kitambaa kizuri na kuniambia "nishonee utakavyoona wewe", moyo ulikuwa unazama. Nilitamani angeleta picha ninakili tu. Nilijiambia ari itarudi huzuni ikipungua. Huzuni ilipungua, ari haikurudi.

Kisha mzee mmoja akaniletea koti nimgeuzie kola. Labda hujawahi kuiona kazi hiyo. Kola ikichakaa pale inapokunjwa, unaifumua yote, unaigeuza, upande wa ndani ambao haujaona jua unakuja juu. Inachosha, malipo yake madogo. Nilikaa na wembe nikifumua kwa uvivu. Nilipofika ndani nikakuta kile kitambaa kigumu kinachoipa kola umbo, kimeshikizwa kwa mishono ya mkono, midogo, ya mshazari, mstari baada ya mstari, mamia kwa mamia. Yote ya urefu mmoja. Mishono ile haionekani na mtu yeyote. Mwenye koti haioni, wala mwenye kumkumbatia haihisi. Kazi yake ni kuifanya kola ijikunje yenyewe na kulala shingoni bila kusukumwa, basi.

Nilizima redio. Nilikaa nayo muda mrefu, naigeuza huku na huku chini ya taa. Fundi yule simjui, na kwa umri wa koti lile huenda alikwisha kufa. Lakini alikuwa amekaa pale, siku fulani ya kawaida, pengine amechoka, pengine ana mgonjwa nyumbani, akashona mahali pasipoonekana kana kwamba panaonekana. Siku ile sikupata wazo jipya hata moja, mwanangu. Nilipata haya, na nyuma ya haya ikaja hamu. Jioni nilifumua pindo la sketi nililokuwa nimelilipua asubuhi, nikalishona upya.

Tangu hapo ninapoanza kukauka sitafuti picha za mitindo. Natafuta nguo iliyoshonwa vizuri na mtu mwingine, naitazama kwa ndani. Nawe fanya hivyo kwa majengo. Unakumbuka ukiwa mwaka wa pili chuoni uliponisimamisha njiani unionyeshe chini ya dirisha la jengo la watu? Kulikuwa na mfereji mwembamba umechongwa upande wa chini wa ukingo wa dirisha. Ukaniambia maji ya mvua yakitambaa chini ya ukingo yanakutana na mfereji ule, yanashindwa kuuvuka, yanadondoka chini badala ya kurudi ukutani. Macho yalikuwa yanakuwaka. Nimepita mbele ya madirisha maisha yangu yote na sikuwahi kujua. Mtu aliyenionyesha mfereji ule hajapotea, naamini hivyo. Ila ameacha kuinama kutazama chini ya madirisha.

Sasa nikusimulie habari ninayoipenda, kwa kuwa inahusu kazi yangu. Ile mikanda miwili inayobanana na kuachana kwa sauti ya kuchanika, Velcro, nimeishona kwenye mikoba na viatu vya watoto miaka na miaka kabla ya kujua ilikotoka. Mwaka 1941 mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alirudi kutoka matembezini milimani na mbwa wake, nguo zake na manyoya ya mbwa yamejaa vitunda vya porini vinavyong'ang'ania. Sisi tunao ndugu wa mmea ule, tunauita kishonanguo, na kila aliyepita kwenye nyasi anaujua. Watu tangu enzi na enzi wamekaa chini, wakabandua kimoja kimoja, wakakasirika, wakaenda zao. Yeye alikiweka kimoja chini ya hadubini. Akaona ndoano ndogondogo zinazokamata kila kitanzi cha uzi au unywele zinachokutana nacho.

Watu wakisimulia habari hii huishia hapo, kwenye hadubini, kana kwamba kazi ilikwisha siku ile. Hati ya kumiliki uvumbuzi wake aliipata mwaka 1955. Hesabu mwenyewe: miaka 14. Mikanda ya kwanza ilifumwa kwa pamba, ikachakaa upesi. Akahamia nailoni. Nailoni ikataka kujulikana itafinyangwaje hata ndoano ibaki ndoano, na vitanzi vitakatwaje, na kwa mashine gani. Hapo ndipo mimi husimama na kufikiri. Msisimko wa alasiri moja haumbebi mtu miaka 14, hata awe nani. Nadhani kilichombeba ni kwamba kila alipofika alikuta swali dogo linamngoja, dogo kiasi cha kulishika kesho asubuhi. Si "nitaibadilishaje dunia ya nguo", bali "uzi huu unachakaa, ujaribiwe upi?"

Mwalimu mmoja wa hesabu, akisubiri suruali yake ipigwe pasi, alinipa habari nyingine iliyofanana na hiyo. Kuna Mfaransa, Henri Poincaré, aliyeeleza mwaka 1908 jinsi ufumbuzi mkubwa ulivyomjia ghafla akiwa anaweka mguu kwenye ngazi ya basi, safarini, wala hakuwa akiifikiria hesabu. Mwalimu alicheka kwa furaha alipofika hapo. Mimi nilimuuliza kabla ya basi alikuwa akifanya nini. Akasema: kabla ya hapo alikuwa amekaa mezani kila siku saa moja au mbili, siku 15, anajaribu njia hii na ile na hapati kitu. Nilimrudishia suruali yake nikiwa nimeridhika. Aliyekaa siku 15 ndiye basi linamletea jibu.

Mimi swali langu lilikuwa kwapa. Usicheke. Kuna miaka niliishi kwa kushona mashati ya sare, mamia, rangi moja, kola moja, mpaka nikawa naota vifungo. Nilikuwa karibu kuiacha kazi. Lakini mashati yalirudi kutengenezwa, nami nikaona yanachanika mahali pamoja, chini ya mkono. Kwa nini pale? Nikaanza kutazama watu. Nikiwa kwenye basi nikatazama mikono iliyoshika bomba la juu, jinsi shati zima linavyopanda kwa ajili ya mkono mmoja. Nikatazama watoto wakininginia kwenye miti. Nikarudi kwenye jambo ambalo fundi wangu alinifundisha na mimi nikaliacha kwa haraka zangu: kikwapa, kile kipande kidogo cha pembe nne kinachotiwa chini ya mkono ili nguo iufuate mwili. Nilijaribu ukubwa wake, nikajaribu kukikata mshazari. Mashati yalikuwa yale yale, sare ile ile, lakini asubuhi nilikuwa nikiamka kabla ya jogoo, nataka kujua lile la jana limevumiliaje.

Nikuulize basi. Majengo yaliyojengwa kwa ramani zako, mangapi umerudi kuyaona watu wakiwa ndani? Unasema kila mradi ni ngazi zile zile, korido zile zile, vyoo vile vile. Naamini. Lakini ngazi ile ile, mama mwenye mtoto mgongoni anaishukaje? Anayebeba ndoo anageuka wapi? Umezichora kwa miaka minne na sidhani umewahi kukaa kwenye mojawapo nusu saa.

Jambo jingine dogo, ambalo limenisaidia kuliko mengi: usimalize kazi jioni. Simaanishi uwe mvivu. Ukiona umebakisha kidogo na unajua kabisa hatua inayofuata, acha pale, andika mstari mmoja kwamba kesho unaanzia hapa. Miaka mingi nilikuwa najilazimisha kumaliza nguo usiku, asubuhi nakutana na meza tupu na kitambaa kisichokatwa, na hapo ndipo woga hukaa. Sasa naacha mkono mmoja umebanwa kwa pini. Nikiingia asubuhi mikono inajua pa kwenda kabla moyo haujaanza kulalamika.

Na ulale. Nimeona saa uliyoniandikia. Mtu aliyechoka hudhani amekosa ari, kumbe amekosa usingizi, na dawa ya kimoja haimponyi mwenzake. Ukilala vizuri wiki mbili na bado moyo haupo, niandikie tena. Kama ni mahali hapo pa kazi ndipo panapokukausha, tutazungumza kuhusu kuondoka, na sitakulaumu. Ila nataka uamue ukiwa umepumzika.

Lile jengo lako la kwanza, la ghorofa tatu, lililokunyima usingizi hata ukanipigia simu alfajiri kunieleza habari za ngazi, nenda Jumamosi. Usiende na kompyuta. Kaa kwenye kona ya ngazi, waache watu wapite. Utazame ukuta pale ngazi zinapopinda, maana lazima utakuwa umechafuka. Niandikie umechafukia wapi na kwa urefu gani kutoka chini, wa mtu mzima au wa mtoto, kwa sababu hapo ndipo mikono ilipotafuta kitu cha kushika na haikukikuta.

Mama yako