Risala ya Watumishi na Wasomaji wa Maktaba ya Umma kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Ufunguzi wa Programu ya Usomaji wa Likizo Ndefu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa wajumbe wa bodi ya maktaba,
Walimu, wazazi na walezi,
Watoto wetu wapendwa,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kutufungulia programu ya usomaji wa likizo ndefu. Risala hii imeandaliwa kwa pamoja na wakutubi, wazazi na vijana wanaojitolea katika maktaba hii ya umma. Jambo kubwa tunalotaka kulifikisha kwako ni moja: mtoto aliye likizoni aukute mlango wa maktaba uko wazi, na akishaingia aachiwe achague mwenyewe kitabu atakachokisoma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Maktaba za umma zilipoanza hazikuwa na nafasi kubwa kwa watoto. Maktaba ya Umma ya Boston, iliyofungua milango yake mwaka 1854, ni miongoni mwa maktaba kubwa za mwanzo kugharimiwa na fedha za umma na kuwaazimisha wananchi vitabu bila malipo. Hata hivyo, katika zama hizo maktaba nyingi za Marekani hazikumpokea mtoto mpaka afikishe umri wa miaka 12 au 14. Hali ilibadilika mwishoni mwa karne ya 19, vyumba vya watoto vilipoanza kutengwa, na wakutubi wa miji kama Cleveland wakaanza kuwaandalia wanafunzi orodha za vitabu vya kusoma wakati wa likizo ya kiangazi. Nchini Uingereza, tangu mwaka 1999, watoto wa shule za msingi hualikwa kila kiangazi kusoma vitabu sita kutoka maktaba ya karibu nao. Miezi ya likizo ndefu hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini shida inayofuata shule zikifungwa ni ile ile: mtoto aliyekuwa na mwalimu kila asubuhi hubakiwa na vitabu vilivyomo nyumbani kwao, na nyumba nyingi hazina hata kimoja.

Wanazuoni wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwanasosholojia Barbara Heyns, katika utafiti wake wa wanafunzi wa Atlanta uliochapishwa mwaka 1978, aligundua kuwa kati ya shughuli zote za likizo, kusoma ndiko kulikohusiana zaidi na maendeleo ya mtoto kielimu, na akaitaja maktaba ya umma kuwa taasisi yenye mchango wa pekee katika miezi hiyo. Watafiti waliokuja baadaye wamebishana kuhusu ukubwa wa kile ambacho mtoto hukisahau likizoni, nasi hatutaki kumtisha mzazi yeyote kwa hoja hiyo. Utafiti unaotugusa zaidi ni ule wa Richard Allington na Anne McGill-Franzen, uliochapishwa mwaka 2010. Watoto wa shule zenye wanafunzi wengi wa familia maskini katika jimbo la Florida walipewa vitabu 12 vya kwenda navyo nyumbani, likizo baada ya likizo, kwa miaka mitatu mfululizo. Vitabu hivyo walivichagua wenyewe. Mwishoni alama zao za kusoma zilikuwa juu kuliko za wenzao ambao hawakupewa, na walionufaika zaidi ni wale waliotoka katika nyumba zenye uwezo mdogo kabisa.

Ndiyo maana, Mheshimiwa, tumeweka nguvu zetu zote katika kuchagua. Tunaomba utakapopita kona ya watoto usimame kidogo umwangalie mtoto aliye mbele ya rafu. Atavuta kitabu, atatazama jalada, kisha atakifungua katikati na kuanza kusoma ukurasa mmoja huku akikunja kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vyote vitano vikikunjika kabla ukurasa haujaisha, atajua kuwa kitabu hicho ni kigumu kukisoma peke yake kwa sasa. Atakirudisha, au ataomba asomewe. Njia hiyo wakutubi huifundisha kwa dakika chache tu, na mtoto akishaizoea hamhitaji tena mtu mzima wa kumwambia ni kitabu gani kinamfaa. Tumeshuhudia mzazi mwenye nia njema akimnyang'anya mwanawe kitabu cha katuni na kumpa cha kiada, na mtoto yule akaondoka bila kuazima chochote. Kwetu sisi katuni ni kusoma, jarida la michezo ni kusoma, kitabu cha kusikiliza kwa masikio ni kusoma, na kitabu kile kile kilichoazimwa mara ya tano pia ni kusoma.

Kwa msingi huo, tumeamua kwamba programu haitakuwa na zawadi ya aliyesoma vitabu vingi kuliko wote. Mashindano ya namna hiyo huwafanya watoto wakimbilie vitabu vyembamba, na anayesoma polepole hujiona ameshindwa tangu wiki ya kwanza. Kila mtoto atapata kadi ya usomaji na kujiwekea lengo lake, na atakapomaliza kitabu atagongewa muhuri baada ya kumsimulia mkutubi au kijana wa kujitolea jambo moja lililompendeza au lililomuudhi. Mazungumzo hayo mafupi mbele ya dawati ndiyo tunayoyathamini kuliko muhuri wenyewe, kwa sababu huko ndiko mtoto anapozoea kuwa na maoni yake juu ya alichokisoma, na mkutubi anapojua ampendekezee nini siku nyingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Mtoto haji maktaba peke yake. Huja na mlezi, na mlezi naye ana mahitaji yake. Wakati wadogo wako kwenye saa ya hadithi, chumba cha pili vijana wa sekondari watakuwa wakiwaelekeza wazee namna ya kufungua barua pepe, kujaza fomu za serikali kwenye intaneti na kuwatambua matapeli wanaowaandikia ujumbe. Wazee nao wamekubali kusimulia waliyoyaona ujanani mwao, na vijana watayanukuu na kuyahifadhi katika faili la maktaba ambalo mwananchi yeyote anaweza kulisoma. Tunaamini kubadilishana huku kunawafaa wote wawili, maana kijana anayefundisha hujifunza subira, na mzee anayesikilizwa hurudi tena wiki inayofuata.

Ipo pia meza ya kukarabati vitabu, na hapo tunakuomba ukae japo kidogo. Kitabu cha picha kinachopendwa huanza kuharibika kwenye mgongo: uzi hulegea, kurasa za katikati huchomoka, pembe za jalada hupinda. Anayekarabati hufungua mgongo taratibu, hupaka gundi nyembamba kwa brashi, huweka karatasi ya nta kati ya kurasa zisigandane, kisha hukikandamiza kitabu chini ya vitu vizito hadi gundi ikauke kabisa. Mtoto aliyewahi kukaa kwenye meza hii hakichani kitabu tena, na huwakataza wenzake.

Hata hivyo, wapo wasomaji ambao bado hatuwahudumii ipasavyo. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 uliwafungulia njia wasioona na wenye uoni hafifu, kwa kuruhusu vitabu vitolewe kwa nukta nundu, kwa maandishi makubwa au kwa sauti bila kizuizi cha hakimiliki, na kupelekwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Rafu yetu ya vitabu vya aina hiyo ni fupi mno. Mtoto asiyeona ana haki ya kuchagua kama mwenzake, na hawezi kuchagua palipo na kitabu kimoja.

Hapo ndipo maombi yetu yanapoanzia, Mheshimiwa. Tamko la UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1949 na kuhuishwa mwaka 2022 kwa ushirikiano na shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, linasema kimsingi huduma za maktaba ya umma ziwe bila malipo. Faini ya kuchelewesha kitabu inaonekana ndogo, lakini mzazi asiye na fedha anapoisikia humzuia mtoto asije tena maktaba, na kitabu nacho kinabaki huko huko nyumbani. Maktaba ya Umma ya Chicago ilifuta faini hizo mwaka 2019, na vitabu vingi vilivyokuwa vimechelewa vikaanza kurudi. Tunakuomba utusaidie kuishawishi mamlaka husika ifute faini kwa watoto wote, na deni walilonalo sasa lisiwazuie kuazima kuanzia leo.

Pili, tunaomba maktaba ifunguliwe hadi jioni na mwisho wa wiki katika kipindi chote cha likizo, kwani ratiba ya sasa hufunga milango kabla wazazi wengi hawajatoka kazini. Jambo hili litahitaji watumishi wa zamu, na tunajua si jepesi; vijana wa kujitolea wanaweza kusaidia kona ya watoto, ila hawawezi kushika nafasi ya mkutubi aliyesomea kazi yake. Ombi la fungu la kununua vitabu vipya vya watoto na vya nukta nundu nalo tunakukabidhi kwa maandishi, pamoja na orodha ambayo watoto wenyewe wamependekeza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima na taadhima tunakukaribisha sasa uzungumze na wasomaji wako, kisha uende kwenye dawati la watoto kukabidhi kadi za usomaji. Wamekuandalia na wewe kadi yako, na wanasubiri kuona utachagua kitabu gani.

Tunaomba kuwasilisha.