Barua kwa shangazi yangu wa Pangani

Shangazi, shikamoo.

Nimeisikiliza sauti uliyotuma kwenye grupu la ukoo, yote, mpaka pale unapokohoa na kumwambia mtu aepue chungu. Unasema nimejifanya Mzungu, nimezidharau dawa za kwetu, na ndiyo maana sikuja kwenye arobaini ya marehemu mumeo. Ningekujibu kulekule, lakini kule watu wanatuma maua na dua, maneno yangepotelea humo. Nakuandikia hapa, na atakayesoma asome. Nyumba nyingi zina mtu anayeficha damu chooni.

Nianze na arobaini. Umepanda basi la Dar mara ngapi, Shangazi? Linasimama kuchimba dawa anapopenda dereva, watu wanatawanyika vichakani dakika chache, honi inapigwa. Wakati ule ugonjwa wangu wa utumbo ulikuwa umeamka, naenda chooni usiku na mchana, damu na kamasi, na si haja ya kubana. Ulitaka nisimamishe basi zima njia yote hadi Segera? Rambirambi yangu niliituma kwa mkono wa kaka, na najua ilikufika. Marehemu alinipenda, nami nilimlilia chumbani kwangu.

Na hiyo dharau unayoisema, niliionyesha lini? Nani alinifundisha kuchuma mlonge, nani alinipaka ute wa shubiri nilipoungua na mafuta ya maandazi? Mwaka 2011 ulipompeleka baba Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu cha shilingi 500, mkalala ndani ya gari kwenye foleni ile isiyo na mwisho, sikusema neno. Niliona mtu anampenda kaka yake.

Ila ugonjwa wangu si vidonda vya tumbo kama vile unavyosema ulimtibu jirani. Huu ni kolaitisi: kinga ya mwili inaushambulia utumbo mpana wenyewe, unavimba, unachubuka, unavuja damu. Kabla ya kipimo cha kamera nilimezeshwa dawa za amiba na za taifodi hadi mdomo ukawa na ladha ya chuma. Na ni ugonjwa wa kupanda na kushuka. Unatulia miezi, halafu unarudi. Hapo ndipo dawa nyingi zinapopatia sifa: mtu anaanza kuinywa wiki ile ile ambayo ugonjwa ungetulia wenyewe, kisha anakwenda kuitangaza mtaa mzima.

Manjano natumia, Shangazi, na daktari anajua. Japani walijaribu kiini chake, ile kemikali iitwayo kurkumini, matokeo yakatoka mwaka 2006: wagonjwa 89 ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia, nusu wakapewa gramu 2 kwa siku, nusu kidonge kitupu, na wote wakaendelea na dawa zao za hospitali. Baada ya miezi sita, waliopata manjano ugonjwa uliwarudia 2 kati ya 43, wenzao 8 kati ya 39. Pamoja na dawa zao, si badala yake. Na unga wa manjano wa sokoni una kiini hicho asilimia 3 hivi tu, kwa hiyo kijiko kwenye maziwa hakifiki huko hata kidogo.

Hata shubiri. London, mwaka 2004, kati ya wagonjwa 30 waliokunywa ute wake kwa wiki nne, 14 walipata nafuu, na kati ya 14 waliopewa kinywaji cha kufananisha, ni 2. Watu ni wachache, lakini si neno la kupuuzwa. Ila ule ulikuwa ute wa ndani. Yale maji ya manjano machungu yaliyo chini ya ganda yanaharisha, na wewe ulitwanga jani zima, ukanipa mimi ninayeharisha damu.

Hayo yote nimekusamehe, ni mapenzi. Kuna moja halijanitoka.

Nilikuja kwako na prednisoloni zangu, vidonge vya hospitali vya kutuliza uvimbe. Ukaniambia dawa ya hospitali na dawa ya miti hazikai tumbo moja. Nilikuwa mgonjwa, nyumbani kwako, wewe umenilea, ningekubishia vipi? Vidonge ukavifungia kabatini, ufunguo ukaufunga kwenye pindo la kanga. Dawa ile ukiinywa wiki nyingi mwili unaacha kutengeneza homoni yake, ndiyo maana hupunguzwa kidogo kidogo. Ikikatwa ghafla presha inashuka. Nikaanguka mlangoni mwa jiko, na wewe ukawaambia majirani dawa inatoa uchafu.

Hospitalini macho yangu yalikuwa yameanza kuwa ya njano. Daktari, binti mdogo tu, akakuuliza kwa adabu: "Mama, amekunywa mti gani?" Ukasema sijanywa kitu. Akauliza tena, akakueleza kwamba hakulaumu, anataka kujua ini langu linapambana na nini. Ukageukia dirishani, vidole vinauviringisha ule ufunguo pindoni, ukasema: "Maji ya kisima tu, yaliyosomewa." Mimi nimelala pale na dripu mkononi, nakutazama. Nilimweleza ninachojua: unga wa kahawia, mchungu, kwenye chupa ya maji. Akaandika kwamba mti haujulikani.

Najua yule mzee, mganga aliyekupa unga ule, alikuambia dawa ikitajwa inapoteza nguvu. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kaka yako, na pale kitandani ulimchagua mzee. Ndiyo maana niliondoka Pangani bila kukuaga. Wanaosema sina adabu waulizwe walikuwa wapi siku ile.

Huyo mzee ana cheti? Tangu sheria ya mwaka 2002 lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na waganga wanasajiliwa. Muhimbili kuna taasisi nzima ya tiba asili, wanachunguza mizizi na magome haya haya tuliyokua nayo. Mganga anayeijua kazi yake hana sababu ya kuogopa mti wake kuitwa kwa jina. Na yeyote mwenye ugonjwa huu asikubali kupigwa bomba la majani eti kusafisha tumbo. Utumbo uliovimba ukuta wake ni dhaifu, unaweza kutoboka, na hapo unakwenda kwenye kisu. Usijiongezee diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu, zinaweza kuuamsha ugonjwa. Na kama unakunywa majani, mwambie daktari wako. Akikufokea, tafuta mwingine, lakini sema.

Shangazi, ningeishia hapo kama wifi asingenipigia juzi. Anasema mjukuu wako anaumwa tumbo, amepungua, na kwenye haja kuna damu, na wewe umemwanzishia unga ule ule. Magonjwa haya hutembea ndani ya ukoo. Huenda ni amiba, huenda ni minyoo, huenda ni huu wangu, na huwezi kuutambua kwa kumwangalia ulimi.

Kwenye harusi ya ukoo nitafika. Nitakuja na dawa zangu, na uji wangu nitakoroga mwenyewe, usiudhike. Lakini mtoto asisubiri harusi. Mlete Dar wiki hii, mtashukia kwangu, nauli natuma leo jioni. Na ile chupa ije nayo. Daktari akiuliza, uiweke mezani, umtajie na mti.