Mifupa ya wakulima wa jangwani isisomwe kwa pupa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nipinge kauli inayorudiwa kila inapozungumzwa historia ya kilimo, kwamba mifupa ya kale imethibitisha kuwa mahindi yaliwadhoofisha waliokuwa wakiyala. Miongoni mwa wanaohukumiwa hivyo ni jamii ya Hohokam, waliochimba mamia ya kilomita za mifereji kutoka mito ya Salt na Gila katika Jangwa la Sonora, Arizona, Marekani, wakalima humo mahindi, maharage, maboga na pamba hadi karibu mwaka 1450.

Dalili za maradhi zipo, wala sizikani. Baadhi ya meno yana mistari myembamba iliyobonyea, inayotokea mtoto anapougua au kukosa chakula wakati jino lingali linaundwa, na kwa kuwa enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, haijitengenezi upya, alama hiyo hudumu hadi uzeeni. Lakini ili mstari uonekane, sharti mtoto apone na jino liendelee kukua. Aliyekufa kwa homa ya siku chache haachi alama yoyote. Kwa hiyo meno ya mtoto yasiyo na mistari yanaweza kuwa ya aliyekuwa dhaifu kuliko mtu mzima mwenye mistari mitatu. Wanaanthropolojia walitoa onyo hili tangu mwaka 1992, na inasikitisha kwamba bado linapuuzwa. Hata vitundu kwenye paa la tundu la jicho, ambavyo huhusishwa na upungufu wa damu, vinaweza kuletwa na minyoo, kuhara au ukosefu wa vitamini B12.

Kipimo cha kaboni katika mifupa, kinachotumika kujua mtu alikula nini, nacho kina mtego wake. Mahindi huacha kiwango kikubwa cha kaboni-13, aina nzito ya kaboni, lakini mimea jamii ya mkonge na mipungate, ambayo watu hao waliila kwa wingi, huacha kiwango kinachokaribiana nacho, hivyo kipimo hicho peke yake hakiwezi kututenganishia shamba na nyika. Isitoshe, kabla ya karne ya 12 wafu wengi walichomwa moto, na mifupa mizima tuliyo nayo mingi ni ya vizazi vya mwisho.

Nawaomba waandishi wa habari za sayansi waeleze mifupa wanayoizungumzia ni ya kipindi gani na vipimo gani vilitumika, na wawasikilize Waodham, wazao wa watu hao, ambao sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inawapa haki ya kudai mabaki ya wahenga wao.

Msomaji wako