Uji wa oti umeganda kwenye chupa: hapana mama, sikukupunja

Wiki mbili zilizopita alinijia hapa ninapouza uji, Kirumba, Mwanza, mama mmoja wa Pasiansi, chupa ya chai ya lita tatu mkononi, sauti yake ikitangulia kabla hajavuka barabara. Asubuhi ile alikuwa na kikao cha ndugu nyumbani kwake. Mvua ilikuwa imekesha, akaona awapokee wageni na uji wa oti wa moto badala ya chai kavu. Msichana wangu aliupeleka kwa bodaboda saa kumi na mbili na nusu. Kikao nacho, kama vikao vyote vya ndugu, kikachelewa. Wanafungua chupa saa tatu na nusu, uji hautoki. Mama wa watu akateka maji ya kwenye ndoo, akamimina humohumo, akatikisa. Vikombeni kukaingia maji juu, madonge chini, na uvuguvugu usioeleweka. Akaja kuniambia mbele ya wateja wangu kwamba nimemjazia sembe kwenye chupa na nimrudishie hela yake.

Hela sikumrudishia. Nilimpakulia bakuli la moto, akakaa, tukaongea. Lakini yeye ni wa nne tangu mvua zianze, na sina mabakuli ya kumtuliza kila mtu, kwa hiyo naandika.

Humo hamkuwa na sembe hata chembe. Oti ndivyo zilivyo. Ndani ya punje yake kuna aina ya nyuzinyuzi inayoyeyuka kwenye maji na kutoa utelezi. Aliyepika mlenda anajua ninachosema. Utelezi huo ndio unaoufanya uji wa oti uwe laini kama umetiwa krimu hata kama ni wa maji matupu, na ndio huohuo unaoendelea kuyavuta maji hata baada ya kuepua. Uji ulioepuliwa ukiwa sawasawa, baada ya nusu saa ni mzito, baada ya saa mbili unasimamisha kijiko. Uji wa ulezi nao hukaza ukipoa, lakini ulezi ni unga, umeshakunywa maji yake yote jikoni. Oti ni mapande, yanakunywa polepole.

Kwa hiyo jikoni kwangu kuna vipimo viwili. Uji wa kijiko, wa kuliwa hapahapa kwenye benchi, ni kikombe kimoja cha oti kwa vikombe viwili vya maji na maziwa, au na nusu juu yake kama oti ni kubwa. Uji wa chupa ni kikombe kimoja kwa vinne. Ukiuonja wa chupa wakati naumimina utasema nimekupa maji. Usiseme. Ngoja ufike nyumbani.

Yule mama alipewa uji wa chupa kama kawaida, ila wa kunywewa ndani ya saa moja, siyo saa tatu. Hapo sehemu ya kosa naibeba mimi, hatukumuuliza. Sasa kila anayeagiza chupa anaulizwa swali moja kabla ya kutaja bei: mtakunywa saa ngapi? Ukituambia saa moja halafu ukanywa saa nne, hilo tena lako.

Na ukiukuta umekaza, usitie maji ya ndoo. Urudishe kwenye sufuria, moto mdogo, chemsha maziwa au maji pembeni, uongeze upawa mmoja mmoja huku unakoroga mpaka ulegee. Dakika tano. Unarudi kama ulivyotoka kwangu, na wengine husema unakuwa mtamu zaidi. Maji baridi juu ya uji uliokaza hayaingii ndani ya donge, yanalizunguka tu. Tena umeshaua moto wa chupa, na uji wenye maziwa ukikaa vuguvugu kwenye chupa unachacha upesi. Yule mama alipoteza uji wa 12,000 kwa kuogopa kuinjika sufuria dakika tano.

Hiyo 12,000 yenyewe nayo inasemwa sana, basi tuimalize. “Paketi ya nusu kilo ya oti ni 5,500 dukani, na wewe kwenye chupa umetia nusu paketi, iweje 12,000?” Kweli, nusu paketi. Hiyo ni 2,750. Maziwa lita moja na nusu, 3,000. Karanga za kukaanga na kusaga, 1,000. Sukari na mdalasini, 500. Bodaboda kutoka hapa Kirumba mpaka kwako na kurudi, 2,000. Imebaki 2,750, na humo ndani kuna mkaa, kuna msichana anayeosha masufuria, kuna mimi niliyeamka saa tisa usiku. Anayeona bado naiba nampa ruhusa ya kuja saa tisa kunipulizia moto.

Kuna wanaoniambia Mwanza hakuna baridi ya kula oti, baridi iko Makete na Njombe. Sawa. Lakini simama Mwaloni saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Aprili, mvua imetoka kunyesha, upepo wa ziwa unakuja usoni, halafu uniambie unataka juisi. Julai nako mvua hakuna ila alfajiri ina kijiubaridi cha kujikunyata. Miaka ile nilikuwa nauza uji Kigongo, pale abiria walipokuwa wakisubiri kivuko cha kwenda Busisi. Foleni ya magari ndiyo ilikuwa duka langu: watu wameamka usiku, wanakwenda Sengerema na Geita, wamejifunga makanga, wanangoja zamu. Daraja lilipofunguliwa Juni 2025, kilometa tatu zikawa dakika chache, hakuna anayeshuka tena kununua uji. Silalamiki, daraja ni jema, hata mimi nalipita. Ila ndiyo sababu nikahamia huku mjini na kuanza biashara ya chupa za kupeleka.

Huku wateja wangu wa kwanza walikuwa wavuvi wa dagaa. Wanavua usiku kwa taa, wanarudi alfajiri wamelowa mpaka mifupani. Nilizoea kuwapa ulezi. Siku niliyowapelekea oti, mzee mmoja akaonja, akaitazama bakuli, akasema: “Mayu, huu ni uji wa mtu aliyefanyiwa operesheni.” Alikuwa na haki. Nilikuwa nimepika kama maelekezo ya paketi yanavyosema, maji, oti, basi. Mtu aliyevuta nyavu usiku kucha hawezi kushiba hiyo. Kesho yake nikatia karanga za kusaga, chumvi kidogo, na matobolwa, yaani viazi vitamu vikavu, niliyoyakatakata vipande vidogo. Matobolwa yameshachemshwa kabla ya kuanikwa, kwa hiyo yakikaa dakika kumi kwenye uji wa moto yanalainika na kuachia utamu, sukari unaipunguza nusu. Sasa yule mzee akifika anaagiza “ule wa operesheni” na wenzake wote wanajua ni upi. Mwezi ukiwa mpevu hawaendi ziwani, na mimi napika nusu sufuria.

Nirudi kwenye njia za mkato, maana ndizo zinazoniletea lawama zisizo zangu.

Ya kwanza ni ya wale wanaonunua oti za haraka, wanaziweka kwenye kikombe, wanamwagia maji ya moto ya kwenye chupa, wanafunika. Oti za haraka zimekatwa ndogo zaidi, zimepikwa kwa mvuke muda mrefu zaidi na kubanwa nyembamba zaidi, ndiyo maana zinaiva upesi. Kwa mtu wa ofisini anayekula mara moja na kuondoka, sina neno. Ila usizitie kwenye sufuria kubwa ukitegemea zitakaa. Zinavunjika zote, unapata gundi. Na ukizifanyia hivyohivyo zile oti kubwa za kawaida, maji ya chupa ambayo yamekaa tangu usiku hayana moto wa kuziivisha, utatafuna makaratasi. Kuna kaka mmoja wa Nyegezi alinunua kwangu oti kavu za kupima, akafanya hivyo wiki nzima, akarudi kusema nimemuuzia oti za zamani. Nikazipika zilezile zilizobaki mbele yake. Akanyamaza, akala bakuli mbili.

Hata hivyo oti za zamani zipo kweli. Oti zina mafuta kuliko nafaka tulizozoea, ndiyo maana zikikaa mno kwenye joto zinapata uchungu na harufu ya mafuta yaliyochina. Nusa kabla ya kununua za kupima. Ikinukia kama ndoo ya mafuta ya jana, acha.

Ya pili, na hii ndiyo inayonikera, ni kuzidishia sembe. Mtu anaagiza lita moja na nusu, nyumbani ana wageni kumi, anaongeza maji halafu unga mbichi ili ukaze. Uji umeshaepuliwa, unga wa mahindi unataka kuchemka muda wa kutosha, wewe umekoroga dakika mbili. Unanuka unga, watu matumbo yanawajaa, halafu inasemwa “uji wa yule mama wa Kirumba”. Ukitaka uwe mwingi niambie mapema, nitakuchanganyia ulezi na oti, nusu kwa nusu. Ulezi ni wetu, bei yake ni rahisi, una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingi, na ukianza kuuivisha ulezi kwanza ndipo ukatia oti, vinakaa pamoja bila ugomvi. Mchanganyiko huo ndio nawapa watoto wangu. Sioni aibu kusema hivyo wakati nauza oti.

Sasa jinsi ninavyopika, kwa anayetaka kujipikia. Nazikaanga oti kavu kwenye sufuria pana bila mafuta, moto wa wastani, nikizigeuza mpaka zinukie kama karanga. Usingoje zibadilike rangi sana, harufu inatosha. Wengi wanaruka hapa, na ndipo penye tofauti ya uji wa hospitali na uji wa asubuhi. Zikipoa naziloweka saa tatu usiku, nafunika. Januari na Februari kwenye joto siziloweki, zinachacha kabla ya alfajiri, nazipika muda mrefu zaidi tu. Saa kumi nainjika na maji yake yaleyale, chumvi naitia mwanzoni. Usiseme chumvi kwenye uji ni ajabu: Scotland, ambako uji wa oti ni chakula cha wazee wao, wengi huupika kwa maji na chumvi tu, na wana kimwiko chao cha mviringo kama kijiti cha kuukorogea. Nimejaribu kijiti, nimerudi kwenye mwiko wangu.

Ukichemka, punguza makaa. Dakika kumi na tano za moto mdogo, unakoroga mpaka chini. Maziwa yanaingia mwishoni, sukari mwisho kabisa, kwa sababu vyote viwili vinashika chini na kutoa ukoko. Uji wa oti ukishashika, usikwangue ule ukoko ukadhani unaokoa chakula. Hamishia uji wa juu kwenye sufuria nyingine taratibu, la sivyo sufuria yote itanuka moshi. Mwaka juzi niliharibu lita kumi na tano za oda ya harusi kwa kumruhusu msaidizi akwangue. Nilipika upya, kwa hela yangu. Ukiepua, funika dakika tano kabla ya kupakua.

Wenye kisukari wananiuliza kama unawafaa. Swali hilo ni la daktari wako. Ninachoweza ni kukupikia bila sukari na bila matobolwa, ukisema mapema. Na anayeita oti “shayiri” namuelewa, ila shayiri yenyewe ni nafaka nyingine, ile inayotengenezewa bia.

Oda za chupa zinafungwa saa mbili usiku, kwa sababu saa tatu naloweka na nikishaloweka siongezi. Ukileta chupa yako iwe ya mdomo mpana. Ile ya mdomo mwembamba ya chai nairudisha, uji hautoki hata ukiwa sawa. Nitaisuuza kwa maji yanayochemka kabla ya kumimina, usione naimwaga ukadhani nachezea maji ya moto. Na kama ilikuwa ya kahawa, niambie, maana harufu ya kahawa haitoki na sitaki kesho uje kuniambia nimetia kahawa.