Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa walimu wa historia, Lubumbashi

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tulishika jambo moja: mwanafunzi asome ushahidi mwenyewe, asiishie kunakili ubao. Wenzetu wameanza zamani. Uingereza ilianzisha mradi wake wa kufundisha hivyo mwaka 1972. Ufaransa na Ujerumani zina kitabu cha pamoja tangu 2006, sura zilezile kwa lugha mbili. Rwanda, baada ya 1994, ilisimamisha somo la historia shuleni kwa miaka mingi. Ndivyo lilivyo zito.

Somo letu la majaribio lilikuwa kifo cha Msiri, mfalme wa Wayeke hapa Katanga, mjini kwake Bunkeya, tarehe 20 Desemba 1891. Karatasi ya kwanza ni maelezo ya Moloney, daktari wa msafara wa Stairs uliotumwa kuitwaa Katanga kwa ajili ya Leopold wa Pili, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1893. Ya pili ni masimulizi ya Wayeke. Swali moja tu ubaoni: nani aliona, nani aliambiwa? Hapo darasa huamka. Bodson, ofisa wa msafara aliyempiga Msiri risasi, naye alipigwa risasi palepale akafa baadaye, na Moloney hakuwa ubavuni mwake bunduki zilipolia. Kitabu nacho ni cha kuambiwa, sawa na simulizi la mzee.

Dakika 50 zigawanywe hivi: 5 za swali, 15 za kusoma wawili wawili, 20 za kubishana, 10 za kuandika. Darasa la watoto 60 linataka fotokopi 30, kila moja isizidi mistari 12. Kifaransa kikiwa kigumu, maneno matano yafafanuliwe kwa Kiswahili pembeni.

Masomo mengi yaliharibikia mwishoni. Mtoto anauliza, “Sasa jibu ni lipi, mwalimu?” na mwalimu, akiogopa Eksetati, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, anaamuru daftari zifunguliwe na kusomesha imla. Saa nzima imepotea. Naelewa hofu hiyo: mtihani ni wa kuchagua jibu, na prefe, mkuu wa shule, anahesabu waliofaulu. Basi tarehe na majina yatolewe kwa karatasi siku moja kabla, imla isipate nafasi.

Kosa lingine linaniuma zaidi: kuita maandishi “historia” na masimulizi “hadithi”. Vyote viulizwe maswali yaleyale.

Somo la mwaka ujao ni mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini, Desemba 1941, uliozimwa kwa risasi mjini humu. Mwenye jamaa aliyesimuliwa na wazee wake atuletee jina la mtaa na ruhusa ya familia kabla hatujarekodi.