Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuhusu Lile Korongo

Ndugu wanachama,

Naanza na kosa, maana mmeliona wote. Korongo jipya lililochimbika pembeni mwa mteremko wa juu halikuletwa na ukubwa wa mvua kama ilivyosemwa. Lililetwa na fremu yetu ya A, kile kifaa cha miti chenye umbo la herufi A tunachopimia usawa wa ardhi kwenye mteremko.

Mguu mmoja wa fremu ulivunjika, tukaubadilisha kwa mti uliokuwa mfupi kidogo, tukaendelea kupima bila kuisawazisha upya. Nasema "tukaendelea", lakini aliyeishika siku ile nilikuwa mimi. Timazi, ule uzi wenye uzito unaoning'inia kwenye fremu, ikawa inatudanganya, na mistari tuliyodhani ni ya kontua, yaani inayokaa kwenye usawa mmoja, ikawa inashuka taratibu kuelekea upande mmoja. Tukaifuata kwa kuchimba mitaro ya fanya juu, ile ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu kufanya tuta. Mvua iliponyesha, maji hayakutulia yakanywewa na ardhi. Yalitembea ndani ya mtaro mpaka mwisho, yakajikusanya, yakabomoa. Shamba lisilo na mtaro wowote lingeumia kidogo kuliko lile.

Kusawazisha ni kazi ya dakika chache. Simamisha fremu juu ya vigingi viwili, weka alama pale uzi wa timazi unapokatisha upau. Igeuze, kila mguu ukae mahali pa mwenzake, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa.

Kwenye mimea nina habari njema zaidi. Ukuta wa vetiva, zile nyasi zinazopandwa kwa mstari kukinga udongo, umeshika kwenye mteremko wa chini. Ukipiga magoti upande wake wa juu utakuta udongo laini mweusi umejilimbika hadi kwenye kifundo cha mguu, umechanganyika na majani makavu. Huo wote ulikuwa njiani kwenda mtoni. Vetiva haizuii maji, inayachuja na kuyatawanya, na mizizi yake huzama wima, hata mita tatu, kwa hiyo haiingilii sana mazao ya jirani. Lakini inataka kubanana. Waliopanda vipando kwa umbali wa sentimita 10 hadi 15 wana ukuta. Waliobania vipando wakaacha hatua nzima kati ya shina na shina wana mapambo. Pale ndama alipozoea kupita pamebaki pengo la upana wa unyayo, na maji ya mstari mzima yameligundua.

Wafugaji wamelalamika kwamba vetiva ikikomaa ng'ombe wanaikataa. Ni kweli. Kwa malisho wapande matete kwenye kingo za matuta, mradi wayakate mara kwa mara, la sivyo yatanyang'anya mazao maji. Kwenye mistari mirefu na midomo ya makorongo msimamo wangu ni vetiva.

Matandazo, yaani mabua na majani ya kufunika udongo, bado tunayadharau. Tone kubwa la mvua huanguka kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde, na mmomonyoko huanzia hapo, kabla maji hayajaanza hata kutiririka. Udongo wa unene wa milimita moja ukiondoka kwenye hekta moja ni mita 10 za ujazo, tena jicho halioni kilichopungua. Halafu mtu anachoma mabua!

Korongo lenyewe tutalitengeneza kuanzia juu kushuka. Kwanza tuyageuze maji yanayoliingia, ndipo tujenge vizuizi vya mawe, katikati pakiwa chini kuliko pembeni ili maji yapite juu ya kizuizi yasikizunguke na kula kingo. Chini ya kila kizuizi tutandike mawe ya kupokea maporomoko.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Kabla ya mvua tukutane kwenye mteremko wa juu kupima mistari upya na kuziba mapengo. Kila mmoja aje na jembe na vipando. Fremu mpya nitaileta mimi, na mtaisawazisha wenyewe mbele yangu kabla jembe halijagusa ardhi.